Mwizi Anahesabu Dakika: Ushauri kwa Kaya za Katanika

Wasomaji wa Katanika, kando ya Kalemie, wanarudia swali lilelile: ninunue kadena gani ili wezi wasiingie? Wengine wanauliza kama mlango wa chuma unatosha, wengine kama wauze mbuzi wajenge ukuta kuzunguka parseli, wengine kama mbwa ana faida yoyote. Ni maswali ya haki, ila yanaanzia mahali pabaya. Yanadhani kwamba sokoni kuna kitu ambacho kikishafungwa tu, mwenye nyumba analala. Hakipo. Na hata kingekuwepo, nyumba nyingi za Katanika zisingekibeba: kadena ya bei kali kwenye mlango wa mbao laini, katika ukuta wa matofali mabichi, chini ya mabati yaliyoshikwa na misumari michache, ni sawa na kufunga kwa kamba mdomo wa gunia lililotoboka chini.

Mwizi wa usiku hashindwi na ukuta, anashindwa na muda. Ukuta wowote unatoboka na kadena yoyote inakatika, mradi apate dakika za kutosha na asisikike. Kwa hiyo kila franka na kila saa ya kazi unayoitoa kulinda nyumba ipime hivi: je, hiki kitamchelewesha? Je, kitamlazimisha kupiga kelele? Kisha liulize lile swali ambalo wengi hawalifikii: akichelewa na akapiga kelele, ni nani atakayesikia, na atafanya nini? Hilo la mwisho lina uzito kuliko mawili ya kwanza yakijumlishwa, na ndilo lisilohitaji fedha nyingi.

Mahali penyewe

Katanika haikukua kama kartie za zamani za Kalemie, zile za wafanyakazi wa reli na za kiwanda cha nguo cha Filtisaf, ambako mtu alimjua jirani yake tangu utoto. Mwaka 2016 na 2017, vita vya Batwa na Baluba vilipowatoa maelfu ya watu vijijini mwao, Katanika ilijaa wakimbizi wa ndani waliojisitiri chini ya nyasi, matete na mabashi. Wengine walirudi makwao baadaye. Wengine walibaki, wakafyatua matofali, wakaezeka. Ndiyo maana mtu wa Nyunzu amejenga mgongo kwa mgongo na mtu wa Manono, na huenda hajui hata majina ya watoto wa mwenzake. Umeme wa kituo cha Bendera hauwaki katika kila nyumba. Magari meupe ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, hayapiti tena, kwa kuwa ofisi yao ya Kalemie ilifungwa mwaka 2022. Polisi wapo, lakini kutoka kituoni hadi mlangoni kwako usiku, kwa miguu na pengine katika matope, ni safari ndefu kuliko muda ambao mwizi anauhitaji. Siwalaumu, napima umbali tu. Msaada wa dakika tano za kwanza hauwezi kutoka mbali, lazima utoke kwenye nyumba iliyo karibu na yako.

Soma kalenda yake

Mwizi haji ovyo, na nyakati zake zinatabirika kuliko watu wanavyodhani. Chukua mwezi wa angani. Ndagala huvuliwa kwa taa, na taa haivuti samaki mbalamwezi ikiwa kali; ndiyo maana siku za mwezi mpevu wavuvi hupumzika, na usiku wa giza hukesha ziwani hadi alfajiri. Mambo mawili yanakutana hapo: usiku ambao mwizi haonekani ndio usiku ambao wanaume wengi hawapo nyumbani. Hata kama kwako hakuna mvuvi, jirani uliyemtegemea aitikie kelele yako huenda yuko majini. Kaya za wavuvi zihesabu siku hizo na zipange mapema nani atalala wapi. Shangazi au kijana wa ukoo akihamia kwa mama na watoto kwa hizo wiki mbili, amefanya kazi kuliko kadena.

Kisha mvua. Kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa masika, mvua kubwa juu ya mabati inafunika kila sauti: huwezi kumsikia anayeongea nawe chumba kimoja, sembuse anayechimba nje. Na matofali mabichi yakishalowa chini, kisu cha kawaida kinayatoboa. Mvua inampa mwizi vitu vyote viwili anavyovitaka, ukimya na ukuta laini. Mvua inapokatika usiku, amka uzunguke nyumba kwa macho ukiwa ndani, sikiliza, halafu urudi kulala. Ni kazi ya dakika mbili.

Nyakati nyingine ni za mchana, na watu wanazisahau kwa sababu wizi wanaufikiria kuwa kazi ya usiku. Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Siku ya kilio avenyu nzima iko msibani. Wakati wa kulima, mama yuko shambani na watoto shuleni. Kadena inayoning'inia nje ya mlango saa nne asubuhi ni tangazo: hapa hakuna mtu. Msibani mwende kwa zamu, na katika kila nyumba nne au tano abaki mtu mzima mmoja anayeonekana nje akifanya kazi yake. Hakuna atakayesema hamkumheshimu marehemu.

Nyumba: mahali pa kuweka fedha kidogo ulizo nazo

Sasa tuje kwenye kuta na milango. Nitaviorodhesha kwa mpangilio wa faida kwa gharama, si kwa uzuri wake machoni pa wageni.

- Komeo la ndani. Ubao mzito unaolala katika vishikio viwili vya chuma au vya mti mgumu, kushoto na kulia kwa mlango, unashinda kufuli nyingi za dukani. Mwizi hauoni, hana pa kuukata, na akisukuma mlango nyumba yote inaamka.
- Bawaba na misumari. Ukiwa nje, tazama bawaba za mlango wako. Kama misumari yake inaonekana, mwizi hahitaji kugusa kadena, atauvua mlango upande wa pili. Hamishia bawaba ndani, au tumia bolti zinazopenya mbao zote, nati ikiwa ndani na ncha yake imegongwa isifunguke. Vivyo hivyo kwa kile kipande cha bati kinachoshika kadena: kikishikwa na misumari midogo, bisibisi moja inatosha.
- Chini ya ukuta. Watoboaji huanzia chini, wakimwaga maji na kuchimba taratibu. Panga mawe kuzunguka nyumba hadi usawa wa goti, au piga saruji sehemu hiyo tu, kwanza upande wa chumba chenye vitu na upande usioonekana kutoka njiani. Kupiga saruji nyumba nzima kutakutafuna fedha. Usawa wa goti unatosha kwa kuanzia.
- Kelele ya ndani. Usiku, egemeza kwenye ukuta wa nyuma sufuria tupu, mikebe na mabeseni, kimoja juu ya kingine, visivyoshikamana. Tundu likifunguka, vinaanguka. Watu hucheka wakisikia hili, na bado sijaona kengele yenye bei nafuu kuliko hiyo.
- Paa. Bati linainuliwa pale misumari ilipokaa mbalimbali, hasa pembeni. Ongeza misumari kwenye ukingo, ikunje ncha ndani ya mbao, na funga kwa waya bati la mwisho na mti wake.
- Dirisha. Antivoli, yaani nondo za dirishani, ni nzuri, lakini soma kwanza sehemu ya makosa hapa chini kabla hujamwita fundi wa kuchomelea.

Kuhusu mwanga, wengi wanafanya kinyume. Wanaacha taa ikiwaka ndani, nje giza. Kwa njia hiyo mwizi anakuona kupitia nyufa za dirisha, anahesabu idadi yenu na mlivyo navyo, nawe humwoni. Kama una taa moja tu ya sola, mahali pake usiku ni nje, juu kwenye kona, ikimulika mlango na njia, ndani kukiwa giza. Na kama nyasi zimefika kiunoni nyuma ya nyumba yako, hiyo ni sebule ya mwizi. Salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi, isiishie kufagia barabara. Ifyeke pia vichaka vilivyo kati ya parseli na parseli, hata vile ambavyo mwenyewe hajulikani.

Je, mbwa? Anafaa, lakini si kwa meno yake. Mbwa mdogo anayebweka kwa kila kitu ana faida kuliko jibwa linalolala kwa shibe. Alishwe nyumbani na mtu mmoja, asizoee kuokota vya njiani, maana sumu katika kipande cha nyama ndiyo njia ya kwanza ya wezi. Achanjwe kichaa cha mbwa. Asiye na uwezo wa mbwa afuge kanga au bata. Kanga hasa hapatani na mtu mgeni usiku, na mwisho wa mwaka unaweza kumla.

Punguza anachokifuata

Mwizi anayejua kwamba kwako kuna fedha atasubiri hata mwezi mzima. Asiyejua atapita. Nyumba nyingi huvunjwa kwa habari iliyotoka mdomoni mwa wenye nyumba wenyewe: mtoto aliyesema dukani kwamba baba ameuza mahindi, au mama aliyehesabu noti mbele ya mwenye kuchaji telefoni.

Mfano mzuri ni sanduku la AVEC, zile jumuiya za kuweka na kukopeshana. Sanduku lina kadena tatu na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Wanachama wengi wanaamini kwamba kadena hizo ni kinga dhidi ya wezi. Sivyo. Zimewekwa ili mwanachama mmoja asiwaibie wenzake. Mwizi hahitaji ufunguo wowote, anabeba sanduku zima na kulivunja porini. Kinachowalinda ni kutojulikana liko wapi na kutokuwa na kitu kingi ndani. Kwa hiyo:

- Mwenye kutunza sanduku abadilishwe bila ratiba inayojulikana, na lihamishwe mchana ndani ya kikapu au gunia, si usiku wala kichwani kama maandamano.
- Fedha zisirundikane. Zikopeshwe palepale kikaoni, au sehemu yake iwekwe katika akaunti ya telefoni yenye watu zaidi ya mmoja wanaoijua hesabu.
- Siku ya mgao isitangazwe kanisani. Mgao ufanyike asubuhi, na kila mmoja aende moja kwa moja kununua alichokikusudia: mabati, karo, mbegu. Usiku unaofuata mgao ndio wa hatari kuliko usiku wowote wa mwaka.

Telefoni usiiweke karibu na dirisha. Mti mrefu wenye ndoano unaivuta bila mlango kuguswa. Piga *#06#, nakili ile namba ndefu inayotokea, inayoitambulisha telefoni yako, uihifadhi katika kitabu cha familia. Namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money isiandikwe mgongoni mwa telefoni, jambo ambalo bado linafanywa. Paneli ya sola ishushwe jioni, au ifungwe kwa bolti. Baiskeli na pikipiki zilale ndani, zimefungwa pamoja kwa mnyororo. Magunia ya ndagala makavu au ya makaa yasipangwe karibu na mlango ambako mtu anayenyoosha mkono anayafikia.

Nyumba sita zinazosikilizana

Hapa ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka, na ushahidi wake unatoka mbali. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, kulikuwa na mtaa wa watu maskini uitwao Kirkholt uliokuwa ukivunjwa nyumba kupita kiasi. Katikati ya miaka ya 1980 ulianzishwa mpango ambao haukutegemea kuta ndefu. Waliona kwamba nyumba iliyoibwa mara moja huibwa tena, mara nyingi baada ya muda mfupi, na kwamba wezi walikuwa wakifuata sarafu zilizokaa ndani ya mita za gesi na umeme. Basi wakaziondoa mita za sarafu, wakatengeneza haraka mlango au dirisha lililovunjwa, na wakawaomba majirani kama sita waliozunguka kila nyumba iliyoibwa kuiangalia. Katika miaka mitatu hivi wizi wa nyumba pale ulishuka kwa takriban robo tatu. Zingatia mambo hayo: fedha ziliondolewa ndani, tundu likazibwa, majirani sita wakafungamana. Hakuna hata moja linaloshindikana Katanika. Sanduku letu la AVEC ndilo mita yao ya sarafu.

Afrika Mashariki haikuhitaji kufundishwa hili na Waingereza. Tanzania ilikuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, na Kenya ililifufua jina hilohilo baada ya shambulio la kigaidi katika duka kubwa la Westgate la mwaka 2013. Kwetu mashariki mwa Kongo neno nyumba kumi linajulikana, na milio ya filimbi na masufuria usiku, kutoka nyumba hadi nyumba, si jambo geni. Ninachoongeza ni kwamba kumi mara nyingi ni nyingi mno kwa kuanzia. Anza na zile ambazo kikohozi chako kinafika.

1. Waite wenye nyumba wanaokuzunguka, mbele, nyuma na kando. Wanawake wawepo, kwa kuwa wao ndio walio nyumbani wavuvi wakiwa ziwani. Mjulishe shefu wa avenyu kabla, ili isionekane mnafanya siri.
2. Kila nyumba ijue majina na idadi ya wakaaji wa nyumba nyingine. Mgeni akija kulala, jirani mmoja aambiwe.
3. Nunueni filimbi, moja kwa kila nyumba, na ining'inie kitandani. Si kabatini.
4. Kubalianeni alama. Kwa mfano, mlio mrefu unaorudiwa uwe na maana ya mwizi asiye na silaha: wote wawashe tochi, wapige kelele, watoke kwa pamoja. Milio mifupi ya haraka iwe na maana ya silaha: wote wapige masufuria wakiwa ndani, asitoke mtu.
5. Andikeni namba za shefu wa avenyu, shefu wa kartie na kituo cha polisi ukutani, kwa makaa ikibidi. Mpigaji awe mmoja aliyeteuliwa, na wa pili kama wa kwanza hana uniti.
6. Fanyeni jaribio mara moja, jioni. Mtashangaa ni nani asiyesikia.

Kama mna uwezo wa kumlipa mlinzi, yule tunayemwita zamu, nyumba sita zichange zimlipe mmoja vizuri, badala ya kila moja kumlipa wake vibaya. Asiyelipwa mwisho wa mwezi anajua nyumba yako kuliko mwizi yeyote.

Najua pingamizi linalokuja: jirani yangu ndiye mwizi mwenyewe. Huenda. Methali inasema kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi ni kweli. Lakini tazama inakupeleka wapi. Jirani mwizi anajua tayari saa unayotoka, hahitaji kikao ili ajifunze hilo. Anachopoteza kikao kikifanyika ni giza lake: sasa nyumba tano nyingine zinaangalia, na akikosekana filimbi ikilia, itaulizwa. Usionyeshe vitu vyako kikaoni, usitaje fedha, usieleze komeo lako lilivyo. Zungumzeni kuhusu sauti na njia tu. Hatari kubwa zaidi ni kinyume chake, kwamba kikundi kimchague mshukiwa kwa kabila au kwa kuwa alifika juzi. Mahali palipojaa watu waliokimbizana mwaka 2016, neno «wale» linawasha moto kuliko wizi wowote. Mtu atajwe kwa alichokifanya na aliyemwona, basi.

Pingamizi la pili ni kwamba vikundi hivi hugeuka kuwa watesaji. Hilo nalikubali zaidi. Sungusungu, wale walinzi wa vijiji wa Usukuma na Unyamwezi huko Tanzania, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, na walifaulu. Lakini walipiga watu, wakafukuza wengine vijijini kwa tuhuma tu. Dawa yake ni kuuwekea umoja wenu mpaka mapema: kazi yake ni kusikia, kupiga kelele, kuzingira ikiwezekana, na kumkabidhi mtu kwa polisi akiwa mzima. Hauna mahakama.

Wakija na bunduki

Hapo kila kitu kinageuka, na hesabu ya dakika inageuka nayo. Anayevunja kwa kisu anaogopa kelele. Mwenye bunduki anaweza kuijibu kwa risasi. Usipigane na usizuie mlango ambao tayari umeshindwa. Watoto walale sakafuni mbali na dirisha, mikono ionekane, usimtazame mtu usoni kana kwamba unamkariri, usimtaje jina hata kama umemtambua. Weka kando kiasi kidogo cha fedha cha kutoa haraka, kiwe mahali pamoja unapopakumbuka ukiwa na hofu. Filimbi ni kazi ya majirani walio mbali kidogo, si yako uliye mbele ya mtutu.

Na anayegonga usiku wa manane akisema ni serikali? Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 29, inasema makazi ya mtu hayaguswi isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria. Taratibu za jinai za Kongo zinataka upekuzi usianze kabla ya saa 11 alfajiri wala baada ya saa 3 usiku, isipokuwa hakimu ameruhusu. Kwa hiyo una haki ya kujibu kupitia mlango uliofungwa, kwa sauti ya heshima na kubwa ya kutosha majirani wasikie: tunamwita shefu wa avenyu, akifika tutafungua. Afisa wa kweli hapotezi kitu kwa kusubiri. Lakini wakianza kuvunja na wana silaha, rudi kwenye ushauri wa juu. Haki utaidai asubuhi ukiwa hai.

Makosa yanayoua kuliko wizi

Antivoli isiyofunguka ndani inageuka mtego nyumba ikishika moto, na nyumba zenye nyasi, mishumaa na makaa zinashika. Acha dirisha moja la kila upande wa kulala lenye antivoli ya bawaba, ufunguo wake ukining'inia mahali ambapo mtoto anafika lakini mkono wa nje haufiki. Usifunge watoto ndani kwa kadena ya nje ukaenda sokoni, hata kwa nusu saa. Usiunganishe waya wa umeme kwenye uzio au mlango. Wa kwanza kuugusa atakuwa mtoto wako au wa jirani, mvua ikiwa imenyesha. Usinunue bunduki ya magendo. Kuwa nayo bila kibali ni kosa la jinai, na bunduki yenyewe ni bidhaa inayowavuta wezi kuliko fedha.

Na mwizi aliyekamatwa asiuawe. Hasira ya mtu aliyeibiwa mashine yake ya kushona naielewa, lakini kumpiga mtu aliyekwisha kushindwa hadi afe ni mauaji, na Katiba ileile katika ibara ya 16 inamlinda hata yeye. Kuna sababu nyingine, ya kazi zaidi: maiti haisemi vitu vilipouzwa. Na katika giza, kelele na matope, umati hukosea mtu.

Asubuhi yake

Ukikuta mlango umevunjwa, usiingie peke yako. Huenda yumo. Ita majirani kwanza. Kisha, kabla ya kufagia, acha mambo yalivyo na upige picha kama una telefoni. Funga laini yako na akaunti ya fedha mara moja. Andika orodha ya vilivyopotea, vyote, na alama zake. Nenda kwa shefu wa avenyu, naye akusindikize kwa afisa wa polisi wa upelelezi, yule OPJ, atakayeandika maelezo yako.

Katika maelezo hayo usiseme tu «nimeibiwa». Sema ilikuwa usiku, katika nyumba mnamolala watu, kwamba walivunja au walitoboa ukuta, na kama walikuwa na silaha. Maneno hayo yanabadilisha kosa lenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, yenye mzizi katika dekrii ya 30 Januari 1940, inaupa wizi wa kawaida kifungo cha hadi miaka 5. Uliofanywa usiku katika nyumba inayokaliwa, au kwa kuvunja na kupanda, hadi miaka 10. Na ule wa silaha unafikia adhabu ya kifo. Omba namba ya faili. Wengi watakuambia ni bure, polisi hawatafanya kitu. Huenda wasimkamate mtu wiki hii. Lakini telefoni yako ikipatikana sokoni mwezi ujao, asiye na namba ya faili hana cha kuonyesha.

Tundu lizibwe siku hiyohiyo, hata kwa mawe na matope. Kirkholt ilionyesha hilo kuliko lolote: aliyeingia mara moja anaijua njia, anajua alichokiacha, na anajua kwamba utakinunua tena alichokichukua. Wale majirani watano wengine waombwe kulala macho nusunusu kwa wiki kadhaa zinazofuata.

Tazama mwezi leo usiku, uhesabu siku zilizobaki kabla ya giza. Kikao cha nyumba sita kifanyike ndani ya siku hizo, na filimbi ziwe zimekwisha kununuliwa.